Vichezeo vya Watoto Wetu: Tusivitupe, Tuvikague

Pita katika kijiji chochote saa za jioni. Utaona mtoto anasukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti. Mwingine anavuta gari la kopo kwa kamba. Wasichana wanacheza rede kwa mpira wa soksi. Chini ya mwembe wako wengine wanaocheza mdako kwa vijiwe. Kila mtoto ana kitu mkononi, na kitu hicho hakikununuliwa dukani.

Watu wazima wengi huviona vitu hivi kuwa takataka. Wakifagia uwanja huvitupa pamoja na maganda ya mihogo. Wengine humgombeza mtoto na kumwambia, "Acha mchezo, njoo ufanye kazi."

Juma hili ukurasa wetu wa afya unazungumzia vichezeo hivyo. Tutaeleza mambo mawili. La kwanza, kichezeo cha kutengeneza nyumbani humsaidia mtoto kukua mwili na akili. Kwa hiyo tusikitupe. La pili, kichezeo kibaya kinaweza kumjeruhi mtoto au hata kumwua. Kwa hiyo tukikague.

MCHEZO NI KAZI YA MTOTO

Mtu mzima hujifunza kwa kusoma, kusikiliza na kufanya kazi. Mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza.

Ubongo wa mtoto hukua haraka sana katika miaka ya mwanzo. Anapofika miaka 3, ubongo wake umefikia zaidi ya robo tatu ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ili ukue vizuri, ubongo unahitaji chakula bora. Unahitaji pia kazi ya kufanya. Kazi hiyo ni kuona, kushika, kusikia, kuongea na kucheza.

Mtazame mtoto anayetengeneza gari la mabua ya mtama. Anapima mabua ili yalingane. Anahesabu magurudumu. Gurudumu moja likiwa kubwa kuliko jingine, gari linakwenda upande. Anafikiri, analibomoa, anaanza tena. Hapo anajifunza kupima, kuhesabu na kuvumilia. Vidole vyake navyo vinapata nguvu ya kushika kalamu.

Msichana anayembeba mwanasesere wa gunzi humwimbia na kumlisha. Hapo anajifunza maneno, na anajifunza kumhurumia mwenzake. Watoto wanaocheza chandimu hukimbia, na miili yao inapata nguvu. Tena wanajifunza kufuata sheria na kukubali kushindwa.

Siku moja ya kliniki, babu mmoja alimleta mjukuu wake kupimwa uzito. Nilimwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mpime huyu. Kazi yake kutwa ni kuchezea udongo, hana faida."

Nikamwuliza, "Udongo huo anaufanyia nini, babu?"

"Anafinyanga ng'ombe."

"Wangapi?"

"Saba. Mmoja amemfinyangia na ndama wake."

"Basi babu, mjukuu wako amekwisha kujua kuhesabu mpaka saba. Na anajua ng'ombe yupi ananyonyesha."

Babu akacheka. Akasema, "Kweli bwana. Hata mimi nilifinyanga ng'ombe kabla sijapewa wa kuchunga."

Vichezeo vyetu hutokana na mahali tunapoishi. Kwenye mifugo watoto hufinyanga ng'ombe. Kwenye migomba hufunga mpira kwa nyuzi za migomba. Pwani husuka vichezeo kwa majani ya mnazi. Mali ya kutengenezea tunayo karibu.

MFANO KUTOKA JAMAIKA

Huenda msomaji atasema, "Haya ni maneno tu. Je, kichezeo cha nyumbani kina faida inayopimika?"

Ndiyo. Jamaika ni nchi ya kisiwa, nayo iko mbali na Afrika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti walichagua watoto 129 kutoka mitaa ya watu maskini katika mji wa Kingston. Watoto hao walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24, na wote walikuwa wamedumaa. Yaani walikuwa wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni.

Baadhi ya watoto hao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya. Mhudumu alikuja mara moja kwa wiki, akakaa saa 1. Kazi hii iliendelea miaka 2. Mhudumu alimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto na kuongea naye. Vichezeo vyenyewe vilitengenezwa kwa vitu vya nyumbani.

Watafiti waliwafuata watoto hao mpaka wakawa watu wazima. Mwaka 2014 walitangaza matokeo. Baada ya miaka 20, wale waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakuchezeshwa. Ni sawa na kusema, mwenzake akipata shilingi 100, yeye alipata shilingi 125.

Ndugu wasomaji, hapakuwa na vichezeo vya bei kubwa. Kulikuwa na mama, mtoto, vitu vya nyumbani na muda wa kucheza.

Umoja wa Mataifa nao umelikubali jambo hili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unasema kuwa mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 1991. Haki hiyo ni ya mtoto wa kiume na wa kike. Tuwaangalie mabinti zetu. Wengi wanabeba mdogo wao mgongoni, wanachota maji na kutafuta kuni, huku kaka zao wanacheza mpira. Msichana naye apewe muda wake wa kucheza.

MTOTO ASIYECHEZA

Mchezo pia ni kipimo cha afya. Mtoto mzima hucheza. Mtoto aliyezoea kucheza akikaa kimya pembeni, akaliacha gari lake, akataka kulala tu, mshike mwili. Huenda ana homa. Mpeleke zahanati apimwe malaria na magonjwa mengine.

Usingoje hata kidogo ukiona mojawapo ya dalili hizi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri. Hizi ni dalili za hatari. Mpeleke zahanati saa ile ile, usiku au mchana.

KILA UMRI NA KICHEZEO CHAKE

Mtoto wa chini ya mwaka 1. Huyu hutia kila kitu mdomoni. Mpe kikombe cha plastiki, kijiko cha mti kilicholainishwa, au kitambaa safi chenye rangi. Unaweza pia kumtengenezea kayamba. Chukua chupa ndogo ya plastiki iliyokuwa na maji ya kunywa. Ioshe, iache ikauke. Tia vijiwe vichache. Funga kifuniko kwa nguvu sana. Kisha ishonee chupa nzima ndani ya kitambaa kigumu, ili kifuniko kisifunguke. Kabla ya kumpa mtoto, ikague kila siku. Kitambaa kikichanika, iondoe. Kamba iliyofungwa kwenye kichezeo isizidi shibiri moja, maana kamba ndefu inaweza kumnyonga.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Huyu hupenda kupanga, kutia na kutoa, kuvuta na kusukuma. Mpe makopo ya plastiki ya ukubwa tofauti ayapange. Mpe vipande vya mti vilivyopigwa msasa. Mtengenezee mwanasesere wa kitambaa. Kata vitambaa viwili vyenye umbo la mtu, vishone pamoja, jaza matambara au pamba. Macho na mdomo vitarize kwa uzi. Usitumie vifungo wala shanga, kwa sababu mtoto atavinyofoa na kuvimeza.

Mtoto wa miaka 3 hadi 6. Huyu hucheza baba na mama. Mpe vyungu vidogo vya udongo, kinu kidogo na mwanasesere. Mpe udongo wa kufinyanga. Udongo huo uchimbwe mbali na choo na mbali na mahali wanapojisaidia wanyama. Akimaliza anawe mikono kwa maji na sabuni, maana mayai ya minyoo hukaa katika udongo mchafu.

Mtoto wa miaka 7 na kuendelea. Huyu hutengeneza mwenyewe. Atatengeneza gari la waya, tiara, pia na mpira wa matambara. Atachimba mashimo ya bao na kuhesabu kete. Mwache atengeneze. Kazi yako wewe mzazi ni kumfundisha kuchagua vitu vizuri na kutumia kisu kwa uangalifu.

MASWALI MATATU YA KUKAGUA KICHEZEO

Mzazi hahitaji chombo cha kupimia. Anahitaji kujiuliza maswali matatu.

1. Kitu hiki kilikuwa na nini? Kopo la maziwa au la mafuta ya kula ni zuri. Chupa au kopo la dawa ya pamba, dawa ya mahindi, dawa ya kuoshea mifugo au dawa ya panya ni sumu, hata ukiliosha mara kumi. Toboa makopo hayo yasitumike tena, na yaweke mbali na watoto. Umwulize bwana shamba au bibi shamba mahali pa kuyapeleka.

Hatari nyingine ni takataka za hospitali. Watoto huokota mabomba ya sindano wakayafanya bunduki za maji. Huokota glavu na kondomu zilizotumika, wakazipuliza ziwe kiini cha mpira. Sindano iliyotumika inaweza kumwambukiza mtoto virusi vya Ukimwi au homa ya ini. Sisi watumishi wa zahanati tunapaswa kuweka sindano katika kisanduku chake na kuzichoma au kuzifukia kama tulivyofundishwa. Nanyi wanakijiji mkiona shimo la takataka za zahanati liko wazi, leteni habari kwenye kamati ya afya. Ni haki yenu.

Kagua pia mbegu. Mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi huvutia watoto, nao huzitunga kama shanga. Ni sumu kali zikitafunwa. Mbegu za mnyonyo na za mbono nazo ni sumu. Utomvu mweupe wa mnyaa, ule wa uani, huunguza macho. Mtoto asiukate kwa mchezo.

2. Kinaingia mdomoni? Chukua kiberiti. Kitu chochote kisichozidi ukubwa wa kiberiti ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Kinaweza kumkaba koo. Kizibo cha soda, gololi, kifungo, harage, punje ya hindi na karanga, vyote viwekwe mbali naye. Kama kaka yake anachezea vizibo, aviokote vyote akimaliza.

Jihadharini sana na betri ndogo bapa zinazofanana na sarafu. Zinatoka katika saa, taa ndogo na vichezeo vya dukani. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumwunguza ndani kwa muda wa saa 2 tu.

Mifuko ya plastiki nayo si ya kuchezea. Mtoto akiuvaa kichwani atakosa hewa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki za aina nyingine bado zipo majumbani. Mpira wa chandimu ufungwe kwa matambara, soksi kuukuu au nyuzi za migomba.

3. Kina ncha au makali? Kopo la gari likunjwe ukingo wake ndani, kisha ugongwe kwa jiwe mpaka ulale. Ncha za waya zikunjwe. Magurudumu yakatwe kutoka kandambili zilizochakaa badala ya mabati. Mishale ya spoki na manati vimewapotezea watoto macho. Mtoto akitaka kulenga shabaha, alenge kopo kwa mpira wa matambara. Tena akatazwe kabisa kutengeneza baruti kwa vichwa vya kiberiti. Kitu hicho hulipuka mkononi.

MAHALI PA KUCHEZEA

Kichezeo kizuri kikichezewa mahali pabaya kinaleta ajali. Ringi isisukumwe kwenye barabara ya magari. Tiara isirushwe karibu na nyaya za umeme. Boti za vifuu zisielezwe kwenye bwawa au mto. Huko mtoto anaweza kuzama, na maji yenye konokono yanaweza kumpa kichocho. Aieleze boti yake katika beseni, mtu mzima akiwapo. Akimaliza, maji yamwagwe. Mtoto mdogo anaweza kufa maji hata katika ndoo. Visima na mashimo yafunikwe. Mafiga ya moto yazungushiwe kizuizi.

AJALI IKITOKEA

Kitu kimemkaba koo. Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, ukae naye karibu. Kama hawezi kulia, kukohoa wala kupumua, fanya haraka. Mtoto wa chini ya mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini. Mpige mgongoni kati ya mabega mara 5. Kikikataa, mgeuze chali, sukuma katikati ya kifua mara 5. Mtoto mkubwa zaidi, mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5. Kikikataa, simama nyuma yake au piga magoti. Mzungushie mikono, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya mbavu, vuta kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudia. Mwenzako atafute usafiri. Usimpe maji. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi.

Kitu kimeingia puani au sikioni. Usichokoe kwa kijiti. Usitie maji wala mafuta, kwa sababu harage likilowa linavimba. Mlete zahanati. Mtoto akitoa makamasi yenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, shuku kuwa kuna kitu kimekaa humo siku nyingi.

Amemeza betri, mbegu au dawa ya sumu. Usimtapishe. Mkimbize zahanati au hospitali saa ile ile. Chukua chupa ya dawa au mbegu yenyewe uje nayo, ili mganga ajue ni sumu gani.

Jicho limeumia. Asilisugue. Usitie maziwa ya mama, dawa za majani wala sukari. Kama ni utomvu au dawa imeingia, osha jicho kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 20. Kama kitu kimechoma jicho, usikichomoe. Funika bila kukandamiza, nenda hospitali.

Amekatwa na bati. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Kandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Usitie majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Nenda zahanati na kadi ya mtoto. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 humkinga na pepopunda. Kama hakuzimaliza, tutajua la kufanya.

Amechomwa na sindano iliyookotwa. Osha mara moja kwa maji na sabuni. Usikamue. Mlete siku ile ile, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze kabla ya saa 72 kupita, na ikianza mapema ni bora zaidi.

TUFANYE NINI KIJIJINI?

Mwaka 1973 watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania walijiunga na vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Walianza na jambo wanaloliona kila siku. Sisi nasi tunaweza kuanza na vichezeo.

Chagueni siku moja. Wakusanyeni watoto, wazazi na wazee chini ya mti au katika uwanja wa shule. Wazee wawafundishe watoto kutengeneza vichezeo vya zamani. Kina mama washone wanasesere wa matambara. Mafundi baiskeli walete kandambili na mipira iliyochakaa. Mtumishi wa afya aonyeshe vitu vya hatari, kisha kila mzazi akague kichezeo cha mwanawe kwa maswali yale matatu. Mtoto mlemavu naye aletwe. Kama hawezi kukimbia, anaweza kufinyanga, kucheza bao au kuwa mwamuzi wa rede.

Kisha kila siku, ukirudi shambani, kaa na mtoto wako japo kwa muda mfupi. Mwulize, "Gari hili linakwenda wapi? Limebeba nini?" Mwache akueleze. Muda huo si muda uliopotea. Ni chakula cha akili yake, nacho hakina bei.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Watoto wa kijiji chenu wanatengeneza vichezeo gani? Kila kimoja kinawafundisha nini?

2. Taja maswali matatu ya kukagua kichezeo.

3. Makopo ya dawa za shamba na takataka za zahanati vinatupwa wapi kijijini kwenu? Je, watoto wanaweza kuvifikia?

4. Wasichana wa kijiji chenu wanapata muda wa kucheza? Kama hawapati, mtafanya nini?

5. Onyesha kwa vitendo namna ya kumsaidia mtoto aliyekabwa koo. Tumieni mwanasesere, msimpige mtoto mzima.